Jina la Mtunzi: Mwanamke, Kalamu na Chapa katika Karne ya 19, na Funzo Lake kwa Watafiti wa Kericho na Bomet

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu huelekezwa kwa wafanyabiashara, lakini inawafaa wanafasihi vilevile. Makala haya yanahusu mali ya aina nyingine, yaani tungo za wanawake wa karne zilizopita, na daftari la aina nyingine, yaani njia zilizotumika kuzihifadhi, kuzinakili na kuzichapisha tungo hizo pamoja na majina ya waliozitunga.

Yafaa tuanze na kosa la mwandishi mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, nilipewa kazi ya kukusanya nyimbo katika vijiji na mashamba ya chai yaliyo kati ya Litein na Kapkatet. Ajuza mmoja aliyekuwa akiishi na mjukuu wake katika nyumba za wafanyakazi wa shamba aliniimbia nyimbo saba, za bembelezi na za harusi. Mbili kati yake, alisema, alizitunga mwenyewe alipokuwa kijana. Nilimwita kogo, yaani nyanya, kama ilivyo desturi ya Wakipsigis, naye akanijibu kama mjukuu. Niliporudi chuoni niliandika katika ripoti yangu: "Mhojiwa wa 4, mwanamke, umri takriban miaka 80." Nilipata alama nzuri. Miaka kadhaa baadaye nilirudi kwa nia ya kuzichapa nyimbo zile. Mjukuu alikuwa ameacha kazi na kuhama, majirani walikuwa wageni, na hakuna aliyeweza kuniambia familia ile ilikwenda wapi. Nyimbo ninazo. Jina la aliyezitunga siwezi kuliandika hapa, kwa sababu sikuliandika kule.

Kosa hilo ndilo lililonifanya nisome upya historia ya wanawake na vitabu katika fasihi ya Kiswahili. Tumezoea kusema kwamba wanawake wa kale hawakuandika, na kwamba uandishi wao ulianza baada ya uhuru. Makala haya yanashikilia kwamba kauli hiyo ina kasoro. Wanawake walitunga, na baadhi yao waliandika. Walichokosa mara nyingi ni mamlaka juu ya njia ambayo tungo zao zilipita kufikia msomaji, na katika njia hiyo kitu kilichodondoka mapema zaidi kilikuwa jina. Tutalijadili dai hili kwa kutazama kisa cha Mwana Kupona binti Mshamu, kisa cha Sayyida Salme wa Unguja, na mifano michache ya nje. Kisha tutarudi nyumbani, Kapkatet.

Kutunga, kuandika na kuchapisha

Kabla ya kuendelea ni muhimu tutenganishe mambo matatu ambayo lugha ya kila siku huyachanganya. La kwanza ni kutunga, yaani kuumba maneno na mpangilio wake. La pili ni kuandika, yaani kuyatia maneno hayo katika hati, iwe ni mtunzi mwenyewe anayeandika au mwandishi anayeandikiwa imla. La tatu ni kuchapisha, yaani kuitoa kazi hadharani kwa nakala nyingi. Siku hizi mtu mmoja mwenye kompyuta anaweza kuyafanya yote matatu kwa siku moja. Katika karne ya 19 haikuwa hivyo. Kazi moja ilipita katika mikono mitatu au zaidi, na kila mkono ulikuwa na uwezo wa kubadilisha, kufupisha au kusahau.

Katika upwa wa Waswahili, hati za Kiswahili ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu na kunakiliwa kwa mkono karne nyingi kabla ya mitambo ya chapa kufika. Wamisionari wa Kianglikana walianza kuchapa vitabu Unguja katika nusu ya pili ya karne ya 19. Kwa hiyo tunapouliza kama mwanamke wa karne hiyo "alichapisha", tunauliza swali lisilowafaa hata wanaume wengi wa wakati wake. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: alitunga nini, nani aliandika, nani alinakili, na jina lake lilifikaje kwetu au lilipotelea wapi?

Wino na karatasi: mama na binti, 1858

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa katika kisiwa cha Pate mwanzoni mwa karne ya 19. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu, aliyejulikana kwa kuupinga utawala wa Masultani wa Unguja kwa miaka mingi. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Mwaka 1858, sawa na 1275 wa Hijria, Mwana Kupona akiwa mjane na mgonjwa alitunga utendi wa beti zipatazo 100 akimuusia binti yake, Mwana Hashima. Yeye mwenyewe alifariki miaka michache baadaye.

Utendi huo husomwa sana katika vyuo vyetu, na mjadala wake hujikita katika suala moja: je, unamfunza mwanamke utiifu uliopitiliza kwa mumewe, au kuna kejeli na busara ya siri ndani yake? Mjadala huo una thamani yake. Hata hivyo, yapo mambo matatu katika utendi huu ambayo wanafunzi wengi huyapita haraka, nayo yanahusu moja kwa moja suala letu.

Jambo la kwanza ni mandhari ya kuandika. Mwanzoni mwa utendi mama anamwita binti yake aje na wino na karatasi, kwa kuwa ana neno la kumwambia. Tukiichukulia picha hiyo kwa uzito unaostahili, tunaona chumba ambamo mama anatunga na binti anaandika. Mtunzi ni mwanamke, na mwandishi wa hati ni mwanamke. Hata kama msomaji atasema kwamba hiyo ni mbinu ya kifasihi tu, bado mbinu hiyo ingekosa maana kwa hadhira ambayo haikuwahi kuona msichana akishika kalamu.

Jambo la pili ni hadhira. Ingawa wosia unaanza kwa binti mmoja, kuelekea mwisho mtunzi anawageukia wanawake kwa jumla na kuwataka waisome kazi yake na kuyazingatia maana yake. Ni vigumu kuwataka wasome watu usioamini kwamba wanaweza kusoma, au angalau kusomewa wakiwa pamoja. Kwa hiyo utendi wenyewe ni ushahidi kwamba katika miji ya Lamu na Pate ya wakati huo palikuwa na jamii ya wasomaji wanawake.

Jambo la tatu, na kwa maoni yetu ndilo kubwa, ni jina. Katika beti za mwisho Mwana Kupona anajitaja, anaitaja nasaba yake, anataja mwaka, na anataja idadi ya beti. Hii ilikuwa kanuni ya tendi nyingi, nasi huifundisha kama sifa ya kimuundo. Lakini kanuni hiyo ilikuwa pia kinga. Idadi ya beti ilimzuia mwenye kunakili asiongeze wala asipunguze bila kugunduliwa. Jina lililofungwa ndani ya vina na mizani halikuweza kung'olewa kwa urahisi kama jina linaloandikwa juu ya jalada. Mwana Kupona hakuwa na mchapishaji wala hakimiliki. Hakimiliki yake aliiweka ndani ya ubeti.

Baada ya hapo utendi ulipita mikononi mwa wengine. Ulinakiliwa na waandishi wa Lamu, akiwemo Muhammad bin Abubakar Kijumwa, mnakili mashuhuri aliyewafanyia kazi watafiti kadhaa wa Kizungu. Mwaka 1917 Alice Werner, aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili na lugha za Kibantu jijini London, aliuchapisha katika jarida la kitaaluma huko Marekani, na mwaka 1934 akautoa tena pamoja na William Hichens kama kitabu. Mwana Hashima naye aliishi Lamu hadi uzeeni, na mengi tunayoyajua kuhusu maisha ya mama yake yanatokana na kumbukumbu zake. Tukiufuata mnyororo huu tunaona wanawake watatu: mama aliyetunga, binti aliyepokea na kutunza, na profesa aliyechapisha.

Hata hivyo, mkono wa mchapishaji uliacha alama. Kichwa cha Kiingereza cha toleo la 1934 kiliyataja mashauri hayo kuwa ni kuhusu wajibu wa mke. Lakini wosia ni mpana kuliko hivyo: unazungumzia dini, adabu, ulimi, namna ya kuishi na wakubwa na wadogo, kisha ndoa, na hatimaye dua ndefu ya mama kwa jamaa zake. Kichwa cha mchapishaji kilichagua sehemu moja na kuifanya nzima, na vizazi vya wanafunzi vikausoma utendi kupitia tundu hilo dogo. Jina la mtunzi lilisalimika. Upana wa ujumbe wake ukapata hasara.

Mfupa wa ngamia: kutoka Unguja hadi Berlin

Kisa cha pili ni cha Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake anaeleza kwamba wasichana wa nyumba ya kifalme walifunzwa kusoma Kurani lakini hawakufunzwa kuandika. Kuandika kuliachiwa wavulana. Yeye alijifunza kwa siri, akiziiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao. Ujuzi huo ulimfikisha mbali. Mwaka 1859, akiwa msichana wa miaka 15 hivi, alikuwa mwandishi wa barua za siri za kundi lililomuunga mkono kaka yake Barghash katika jaribio la kumpindua Sultani Majid. Jaribio lilishindwa, na jina lake likabaki katika historia ya siasa kwa sababu alijua kuandika.

Hapa mtafiti hana budi kuwa mwangalifu. Katika utendi wa Mwana Kupona mama anamwita binti yake hadharani alete wino. Katika Unguja ya Salme, msichana anajificha ili aandike. Matukio haya yamepishana kwa miaka michache tu, katika upwa mmoja na dini moja. Kwa hiyo kauli kwamba "Waswahili hawakuwafunza wasichana kuandika" na kauli kwamba "wanawake wa Kiswahili wote walikuwa waandishi" zote mbili ni pana mno. Hali ilitofautiana kutoka mji hadi mji na kutoka nyumba hadi nyumba.

Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Alibatizwa Aden mwaka 1867 kwa jina la Emily, akaolewa, akaenda Hamburg. Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto wadogo watatu. Ni kwa ajili ya watoto hao kwamba alianza kuandika kumbukumbu zake, ili waijue asili ya mama yao. Zilichapishwa Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani, katika majuzuu mawili, na mwaka 1888 zikatoka kwa Kiingereza. Alifariki Jena mwaka 1924.

Ufanano wa wawili hawa unastahili kuzingatiwa. Mwana Kupona na Salme wote walikuwa wajane, na wote walianza kuandika kwa ajili ya watoto wao, wala si kwa ajili ya soko. Lakini njia za kazi zao zilitofautiana. Utendi ulibaki katika lugha ya wasomaji wake na ukasambaa kwa nakala za mkono kabla ya kuchapwa. Kumbukumbu za Salme zilifika kwenye mtambo wa chapa wakati yeye mwenyewe akiwa hai, jambo ambalo Mwana Kupona hakulipata. Lakini zilichapwa katika lugha ambayo watu wa Unguja aliokulia kati yao hawakuisoma. Na barua zake kuhusu maisha ya Ujerumani, zilizopewa anwani ya barua kwa nyumbani, hazikuchapishwa hadi mwaka 1993, karibu miaka 70 baada ya kifo chake.

Wengine waliopita njia hiyo

Mambo haya hayakuwa ya upwa wetu pekee. Katika Sokoto, Afrika Magharibi, Nana Asma'u (1793–1864) aliishi wakati mmoja na Mwana Kupona. Alitunga mashairi kwa Kifulfulde, Kihausa na Kiarabu, na akaunda mtandao wa walimu wanawake waliobeba tungo hizo kichwani hadi vijijini. Mkusanyiko mkubwa wa kazi zake katika kitabu kimoja ulitoka mwaka 1997. Kabla ya hapo, wanawake waliosomeshwa naye na warithi wao ndio waliokuwa kitabu chake.

Phillis Wheatley, aliyechukuliwa utumwani kutoka Afrika Magharibi akiwa mtoto na kuuzwa Boston, alichapisha kitabu cha mashairi London mwaka 1773. Mwanzoni mwa kitabu kiliwekwa cheti chenye sahihi za wanaume 18 wa Boston wakithibitisha kwamba ni yeye kweli aliyeyatunga. Jina lake pekee halikutosha, lilihitaji wadhamini.

Hata Uingereza, mwaka 1860, miaka miwili tu baada ya utendi wa Mwana Kupona, Emily Faithfull alipoanzisha kiwanda cha chapa London na kuwaajiri wanawake wapange herufi, alipata upinzani mkali kutoka kwa wachapaji wanaume. Kwa hiyo tusidhani kwamba mlango wa chapa ulikuwa wazi kwingineko na kufungwa kwetu tu.

Kanga na santuri: chapa isiyo kitabu

Tukiifunga maana ya kuchapisha ndani ya jalada la kitabu, tutaacha nje sehemu kubwa ya maneno ya wanawake wa Afrika Mashariki. Mfano wa kwanza ni kanga, au leso kama tunavyoiita Kenya. Maneno yalianza kuchapwa juu ya kanga kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kilatini. Wanawake waliyachagua, waliyapendekeza kwa wauzaji, waliyavaa na kujibizana kwayo. Leo leso hizo huvaliwa hata huku kwetu kwenye nyanda za chai, na sokoni Litein au Sotik mtu anaweza kusoma mabegani mwa watu methali ambazo hakuzikuta katika kitabu chochote. Maneno hayo huitwa jina la kanga. Basi kanga ina jina, lakini aliyelitunga jina hilo kwa kawaida hajulikani.

Mfano wa pili ni santuri. Siti binti Saad wa Unguja hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1928 alisafiri na kundi lake hadi Bombay, nchini India, wakarekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili, na sahani hizo zikauzwa katika upwa mzima. Sauti yake ilichapishwa, na jina lake likachapishwa pamoja nayo. Baadaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na kitabu hicho kikaingia shuleni. Kisa hiki kinatufunza kwamba kutojua kuandika si lazima kumnyime mtu jina, ikiwa wanaobeba kazi yake wanaona fahari kulitaja.

Kapkatet, 1950

Sasa turudi nyumbani. Nyanda za Kericho na Bomet hazikuwa na hati za herufi za Kiarabu. Chai ilipoanza kulimwa katika mashamba makubwa miaka ya 1920, Kiswahili kilienea miongoni mwa vibarua wa Kipsigis, Kisii, Kiluo na Kiluhya waliokutana kazini. Lakini sanaa ya maneno ya wanawake wa Kipsigis ilikuwapo muda mrefu kabla ya mche wa kwanza wa chai kupandwa, nayo ilihifadhiwa kwa kuimbwa.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyesafiri sehemu nyingi za Afrika akiwa na mitambo ya kurekodi, alifika Kapkatet. Miongoni mwa nyimbo alizorekodi ni zile ziitwazo "Chemirocha". Jina hilo ni matamshi ya Kipsigis ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sahani zake zilikuwa zimesikika huku kwenye santuri. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, mgeni huyo wa sautini alikuwa amegeuzwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu paa. Wimbo mmoja kati ya hizo ulioimbwa na wasichana ndio uliopata umaarufu mkubwa duniani.

Katika kumbukumbu za rekodi, wimbo huo umeandikwa kuwa ni wa Chemutoi Ketienya na wasichana wa Kipsigis. Tuitazame sentensi hiyo kwa makini. Jina moja limesalia. Wengine wote wamekuwa "wasichana". Sauti zao zimesikika London na New York. Majina yao hayako kwenye lebo. Mwaka 2015 rekodi hizo zilirudishwa Kapkatet na maktaba ya muziki iliyoanzishwa na Tracey ikishirikiana na wanamuziki wa Kenya, miaka 65 baada ya kurekodiwa. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini msichana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1950 alikuwa na miaka 80 mwaka 2015, na wenzake wengi hawakungoja.

Hatusemi haya kumlaumu Tracey. Aliandika angalau jina moja. Mimi, miongo mingi baada yake, mwenyeji niliyeijua lugha na adabu zake, niliandika namba.

Pingamizi na jibu lake

Huenda msomaji akauliza: je, si kweli kwamba fasihi simulizi ni mali ya jamii nzima? Kwa nini tutafute mtunzi mmoja mahali ambapo jamii yenyewe haikumtafuta? Pingamizi hili lina uzito. Bembelezi nyingi hazina mtunzi anayejulikana, na kumbandika mtu mmoja utunzi wa wimbo ulioimbwa na vizazi vingi kungekuwa uongo.

Hata hivyo, pana tofauti kati ya wimbo na utendaji wa wimbo. Wimbo unaweza kuwa wa wote. Lakini toleo lililoimbwa siku fulani, na beti zilizoongezwa na mwimbaji fulani, lina mwenyewe. Aidha, kogo aliyeniimbia aliniambia waziwazi kwamba nyimbo mbili ni zake. Yeye aliitofautisha mali yake na mali ya jamii. Ni mimi niliyezichanganya, kwa kuwa kitabu changu cha nadharia kilinifunza kwamba fasihi simulizi haina mtunzi.

Zipo pia sababu za adabu. Katika jamii zetu nyingi haifai kijana kumtaja mkubwa kwa jina lake. Mwanamke huitwa mama wa fulani. Kwa Kipsigis husemwa Bot, likifuatwa na jina la mtoto. Adabu hiyo haituzuii kuandika. Inatufunza namna ya kuuliza. Swali linalofaa ni: "Ungependa uandikwe kwa jina gani?" Wapo watakaotaka jina la ubatizo, wapo watakaotaka jina la utotoni, wapo watakaochagua Bot, na wapo watakaokataa kutajwa kabisa. Anayekataa baada ya kuulizwa ameamua mwenyewe. Asiyeulizwa ameamuliwa.

Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu tunapendekeza mambo manne kwa wanafunzi wanaokwenda nyanjani katika kaunti za Kericho na Bomet, na kwingineko.

Kwanza, kila rekodi ianze kwa mwimbaji au msimulizi kujitambulisha kwa sauti yake mwenyewe, ataje jina alilolichagua, mahali na tarehe. Hivyo tutakuwa tumeiga kanuni ya utendi: jina liwe ndani ya matini yenyewe, lisikae katika karatasi ya pembeni inayoweza kupotea.

Pili, mtafiti aulize na kuandika kipi kimerithiwa na kipi kimetungwa na mhusika. Pale ambapo kundi limeimba, waandikwe wote walioridhia, wala si kiongozi pekee.

Tatu, nakala irudishwe kwa familia kabla ya ripoti kuwasilishwa chuoni. Utendi wa Mwana Kupona ulisalimika kwa kuwa nakala yake ilikaa nyumbani kwa binti kabla ya kukaa katika maktaba ya mbali.

Nne, jarida letu litenge nafasi katika kila toleo kwa matini moja iliyokusanywa nyanjani, ikiwa katika lugha yake na tafsiri ya Kiswahili, jina la mtunzi likiwa juu na la mkusanyaji likiwa chini.

Hitimisho

Tumeona kwamba mwanamke wa karne ya 19 hakuwa bubu katika historia ya vitabu. Mwana Kupona alitunga, akaifunga kazi yake kwa jina na hesabu. Salme alijifunza kuandika juu ya mfupa, akaishia kuchapisha vitabu Berlin. Nana Asma'u alichapisha kwa vinywa vya wanafunzi wake. Siti alichapisha kwa sahani, wasichana wa Kapkatet vilevile, ila kwao jina moja tu ndilo lililopanda juu ya lebo. Kilichoamua nani akumbukwe hakikuwa kipaji. Kiliamuliwa na yule aliyeshika kalamu au mtambo katika hatua iliyofuata.

Leo kalamu hiyo iko mikononi mwetu. Wanawake waliochuma chai ujanani katika miaka ya 1950 na 1960 wamebaki wachache, na kila msimu wa mvua huondoka na wengine. Mwanafunzi anayesoma makala haya pengine ana nyanya aliye hai. Aende na daftari, na aanze na jina.

Maswali ya mjadala

1. "Kanuni ya mtunzi kujitaja mwishoni mwa utendi ilikuwa kinga zaidi ya pambo." Jadili ukirejelea tendi mbili ulizozisoma.

2. Linganisha nafasi ya kuandika katika malezi ya msichana kama inavyojitokeza katika utendi wa Mwana Kupona na katika kumbukumbu za Sayyida Salme. Ni tahadhari gani mtafiti anapaswa kuchukua kabla ya kutoa hukumu ya jumla kuhusu upwa mzima?

3. Chagua wimbo mmoja unaoimbwa na wanawake katika eneo lako. Eleza ni sehemu gani ya jamii na ni sehemu gani ya mwimbaji, na uonyeshe ulivyoithibitisha tofauti hiyo.

4. Je, maneno ya kanga yanastahili kuhesabiwa kuwa maandishi yaliyochapishwa? Toa hoja za kukubali na za kupinga.